Maswali ya frikwensi ya mawimbi: soma swali kwanza, kanuni baadaye

Ninaposahihisha majibu ya maswali ya mawimbi, makosa ya kuzidisha na kugawa huwa machache. Mwanafunzi anaijua kanuni, amekwisha kuikariri. Anakwama kabla ya hapo: swali limempa namba tatu au nne na hajui ipi inasimamia nini. Kwa hiyo hapa nitakaa zaidi kwenye kusoma swali. Kanuni zenyewe ni mbili tu, na tunaweza kuzimaliza sasa hivi.

Frikwensi, f, ni idadi ya mawimbi kamili yanayopita mahali fulani, au yanayotolewa na chanzo, ndani ya sekunde moja. Kipimo chake ni hezi, Hz. Mawimbi 5 kwa sekunde ni 5 Hz. Kipindi, T, ni muda unaotumiwa na wimbi moja kamili kupita. Kama mawimbi 5 yanapita ndani ya sekunde moja, kila moja limetumia sekunde 0.2. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza:

f = 1/T

Ya pili inahusu kasi, v, na urefu wa wimbi, λ, yaani umbali kutoka kilele kimoja hadi kilele kinachofuata. Fikiria chanzo kinachotoa mawimbi 5 kwa sekunde, kila wimbi likiwa na urefu wa mita 2. Baada ya sekunde moja, wimbi la kwanza liko wapi? Nyuma yake yamepangana mawimbi matano ya mita mbili mbili, kwa hiyo limefika mita 10 kutoka kwenye chanzo. Mita 10 ndani ya sekunde moja ndiyo kasi yake:

v = fλ

Soma tena aya hiyo mpaka uweze kumweleza mwenzako bila kuangalia. Ukiielewa, hutaisahau kanuni hata siku ya mtihani, kwa sababu unaweza kuijenga upya mwenyewe.

Wengi hufundishwa pembetatu yenye v juu, f na λ chini, kisha unafunika herufi unayoitafuta. Siipendi. Inasaidia pale tu swali linapozitaja namba kwa majina yake. Swali likikupa "umbali kati ya kilele na bonde linalokifuata", pembetatu haina la kukuambia. Andika v = fλ, gawa pande zote mbili kwa kile usichokitafuta, umemaliza. Unatafuta f? Gawa kwa λ: f = v/λ.

Vilele si mawimbi

Hapa ndipo alama nyingi zinapotea, kwa hiyo tuende taratibu.

Chukua swali hili: Mtu amesimama kwenye gati. Anawasha saa yake kilele cha kwanza kinapompita, na anaizima kilele cha 11 kinapompita. Saa inasoma sekunde 16. Umbali kati ya kilele cha 1 na kilele cha 6 ni mita 20. Tafuta frikwensi na kasi ya mawimbi.

Mkono unataka kuandika 11/16. Uzuie. Nyosha vidole vya mkono mmoja: vidole ni vitano, lakini nafasi kati yake ni nne. Wimbi ni ile nafasi kutoka kilele hadi kilele. Kuanzia kilele cha 1 hadi cha 11 kuna nafasi 10, kwa hiyo yamepita mawimbi 10, si 11.

f = 10/16 = 0.625 Hz

Umbali nao ni vivyo hivyo. Kutoka kilele cha 1 hadi cha 6 kuna mawimbi 5:

λ = 20/5 = 4 m

v = 0.625 × 4 = 2.5 m/s

Aliyehesabu vilele angepata frikwensi ya karibu 0.69 Hz, urefu wa wimbi wa mita 3.33, na kasi ya karibu 2.3 m/s. Majibu yote matatu si sahihi, na yote yanaonekana ya kuaminika. Ndiyo maana kosa hili ni baya: halijionyeshi. Namba haziwi za ajabu, kikokotoo hakilalamiki.

Kuna upande wa pili ambao ni lazima niutaje, maana baadhi ya wanafunzi wakishaonywa huanza kutoa moja kila mahali. Swali likisema "vilele 30 hupita kila dakika", usitoe moja. Hapo umepewa wastani unaoendelea: dakika hii vilele 30, dakika ijayo vilele 30. Frikwensi ni 30/60 = 0.5 Hz. Vilevile swali likisema "mawimbi 11 kamili yalipita", ni 11, kwa sababu tayari wamekuhesabia nafasi. Unatoa moja pale tu unapohesabu kutoka kilele fulani hadi kilele fulani, na saa au rula imeanzia kwenye kilele chenyewe.

Maneno mengine ya kuyaangalia ni yale yanayokupa sehemu ya wimbi. Kutoka kilele hadi bonde linalofuata ni nusu ya wimbi. Kutoka kwenye mstari wa utulivu, yaani usawa wa pale ambapo hakuna wimbi, hadi kilele cha kwanza ni robo. Kama mashua inachukua sekunde 0.8 kushuka kutoka kilele hadi bonde, kipindi ni sekunde 1.6, na frikwensi ni 1/1.6 = 0.625 Hz. Jizoeze kuchora. Mchoro mdogo wa penseli wenye kilele, bonde na kilele kingine unachukua muda mfupi sana, nao hukuonyesha mara moja kama ulichopewa ni wimbi zima au kipande chake.

Grafu mbili zinazofanana

Mtihani ukikupa mchoro wa wimbi, jambo la kwanza ni kusoma kilichoandikwa kwenye mhimili ulalo. Mstari wenyewe utauangalia baadaye.

Kama mhimili ulalo ni umbali, mchoro ni kama picha ya wimbi lote iliyopigwa kwa wakati mmoja. Kilele hadi kilele kwenye mchoro huo ni urefu wa wimbi. Kama mhimili ulalo ni muda, mchoro unafuatilia mahali pamoja tu, jinsi panavyopanda na kushuka kadiri muda unavyokwenda. Kilele hadi kilele hapo ni kipindi. Michoro yote miwili ina umbo lile lile la kupanda na kushuka, na mtunzi wa swali anajua hivyo.

Tuseme una michoro miwili ya wimbi moja la sauti. Wa kwanza, wenye muda kwenye mhimili ulalo, unaonyesha mawimbi 3 kamili ndani ya milisekunde 12. Wa pili, wenye umbali, unaonyesha mawimbi mawili na nusu ndani ya mita 3.4.

Kutoka mchoro wa kwanza: T = 12/3 = milisekunde 4, yaani sekunde 0.004. Kwa hiyo f = 1/0.004 = 250 Hz.

Kutoka mchoro wa pili: λ = 3.4/2.5 = 1.36 m.

v = 250 × 1.36 = 340 m/s

Kasi ya sauti hewani ni karibu 343 m/s kwenye nyuzijoto 20 za Selsiasi, kwa hiyo jibu linakaa mahali pake. Angalia pia kwamba mawimbi matatu yalitumika kupata kipindi, si moja. Ukiweza, pima mawimbi mengi kadiri mchoro unavyoruhusu kisha ugawe. Kosa la jicho lako kwenye kusoma mstari linagawanywa pia.

Urefu wa kwenda juu, kutoka mstari wa utulivu hadi kilele, ni amplitudo. Haiingii kwenye hesabu hizi kabisa. Watunzi huiweka ndani ya swali ili waone kama utaitumia. Sauti ikipandishwa, amplitudo inaongezeka na frikwensi inabaki ile ile. Ukikuta "amplitudo ni sentimita 5" kwenye swali la frikwensi, ipigie mstari, iache, endelea.

Vipimo, kabla ya kikokotoo

Badilisha vipimo kwanza, ndipo uweke namba kwenye kanuni. Siyo katikati ya hesabu, wala mwishoni. Kila kitu kiwe mita, sekunde na hezi.

Milisekunde gawa kwa 1,000. Sentimita gawa kwa 100. Kilohezi zidisha kwa 1,000, megahezi kwa 1,000,000, gigahezi kwa 1,000,000,000. Nanomita, ambazo hutumika kwa mwanga, zidisha kwa 10⁻⁹.

Mfano mzuri ni mashine ya altrasaundi ya hospitali. Sauti husafiri ndani ya tishu laini za mwili kwa takribani 1,540 m/s. Mashine ikitumia frikwensi ya megahezi 2, urefu wa wimbi ni:

λ = v/f = 1,540/2,000,000 = 0.00077 m

Hiyo ni milimita 0.77. Anayesahau kubadilisha megahezi anapata mita 770, wimbi refu kuliko mgonjwa mwenyewe mara mamia. Hapo namba inakupigia kelele, na ni vizuri uisikie. Mfano huohuo unaeleza pia kwa nini frikwensi hizo huwa kubwa hivyo: wimbi lenye urefu wa mita haliwezi kuonyesha kitu chenye ukubwa wa milimita.

Kwa mwanga, tumia mabano kwenye kikokotoo. Mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 600 una frikwensi ya:

f = (3 × 10⁸)/(600 × 10⁻⁹) = 5 × 10¹⁴ Hz

Bila mabano, vikokotoo vingi vitagawa kwa 600 kisha vizidishe kwa 10⁻⁹, na utapata namba ndogo ajabu. Kasi kamili ya mwanga ni 299,792,458 m/s, na tangu 1983 mita yenyewe inafasiliwa kutokana nayo. Lakini kwa maswali ya sekondari 3 × 10⁸ inatosha.

Wimbi likihama kutoka kitu kimoja hadi kingine

Hili ndilo jambo ninalolipenda zaidi katika somo zima, na ndilo linalotenganisha aliyeelewa na aliyekariri.

Mwanga ule wa nanomita 600 unaingia ndani ya kioo chenye kipeo cha mpindo cha 1.5, yaani namba inayoonyesha kasi ya mwanga inagawanywa kwa ngapi ndani ya kioo hicho. Kasi yake inapungua hadi 3 × 10⁸ ÷ 1.5 = 2 × 10⁸ m/s. Frikwensi yake sasa ni ngapi?

Jibu ni 5 × 10¹⁴ Hz, ile ile. Kilichobadilika ni urefu wa wimbi:

λ = (2 × 10⁸)/(5 × 10¹⁴) = 4 × 10⁻⁷ m, yaani nanomita 400

Kwa nini frikwensi haibadiliki? Simama kwenye mpaka kati ya hewa na kioo na uhesabu vilele. Kila kilele kinachofika mpakani kutoka upande wa hewa ndicho kinachotoka kuingia kioo. Hakuna vilele vinavyorundikana mpakani, na hakuna vinavyopotea. Vikifika 5 × 10¹⁴ kwa sekunde, ni lazima vitoke 5 × 10¹⁴ kwa sekunde. Vikiwa vinakwenda polepole zaidi upande wa pili, basi vinakaa karibu karibu, na urefu wa wimbi unapungua.

Kwa hiyo gawanya hivi kichwani: frikwensi inaamuliwa na chanzo, kasi inaamuliwa na kitu ambamo wimbi linapita, na urefu wa wimbi unatokana na hayo mawili. Swali lolote lenye maneno "linaingia kwenye maji", "linapita kwenye kioo", "linatoka kwenye chuma" linaanza kwa kuandika: f haibadiliki.

Sauti nayo iko hivyo. Chanzo cha 850 Hz kikiwa hewani, kasi ikiwa 340 m/s, wimbi lina urefu wa 340/850 = 0.4 m. Sauti hiyo ikiingia majini, ambako kasi ni karibu 1,480 m/s, urefu unakuwa 1,480/850 = 1.74 m. Wimbi limerefuka zaidi ya mara nne, na bado ni 850 Hz.

Nyuzi, na kazi ya Hertz

Uzi wa gita uliokazwa pande zote mbili ukitikisika kwa namna yake ya msingi, ncha zote mbili zinatulia na katikati ndipo panapotikisika zaidi. Urefu wa uzi hapo ni nusu ya wimbi. Kama uzi una urefu wa mita 0.65 na unatoa 110 Hz, basi λ = 2 × 0.65 = 1.3 m, na kasi ya wimbi kwenye uzi ni 110 × 1.3 = 143 m/s.

Usiweke 340 m/s hapo. Hiyo ni kasi ya sauti hewani, na wimbi hili liko kwenye uzi. Uzi ukiitikisa hewa, hewa inapokea 110 Hz ile ile, na ndipo urefu wa wimbi hewani unapokuwa 340/110, karibu mita 3.1. Ni ile kanuni ya mpakani tena.

Mahali palipotulia huitwa vifundo, na umbali kati ya kifundo kimoja na kinachofuata ni nusu ya urefu wa wimbi. Wanafunzi huliona hili kama jambo dogo, nami huwakumbusha alichokifanya nalo mwanafizikia Heinrich Hertz. Akiwa Karlsruhe, Ujerumani, miaka ya 1887 na 1888, alizalisha mawimbi ya umeme na sumaku kwa cheche, akayaelekeza kwenye bamba la zinki ukutani ili yarudi nyuma, kisha akatembeza kitanzi cha waya akitafuta mahali ambapo cheche zake zinafifia. Hapo palikuwa na vifundo. Akapata urefu wa wimbi. Frikwensi hakuweza kuihesabu kwa macho, kwa hiyo aliikokotoa kutokana na umbo la kifaa chake. Akazidisha viwili hivyo, akapata kasi inayokaribiana na ya mwanga, kama mwanafizikia James Clerk Maxwell alivyokuwa amebashiri miaka zaidi ya ishirini kabla. Kanuni aliyoitumia ni v = fλ, hii hii iliyo kwenye daftari lako, na leo kila mara unapoandika Hz unaandika jina lake.

Kukagua jibu

Kuwa na namba chache kichwani za kulinganishia. Sikio la binadamu husikia takribani kutoka 20 Hz hadi 20,000 Hz. Hewani hiyo ni mawimbi ya kuanzia mita 17 hadi sentimita 1.7. Mwanga unaoonekana una mawimbi ya kati ya nanomita 400 na 700 hivi, na frikwensi yake iko kwenye 10¹⁴ Hz. Mawimbi ya redio ya FM, kwenye megahezi 100, yana urefu wa mita 3. Ukipata kwamba mwanga wa taa una frikwensi ya 500 Hz, usiendelee na swali linalofuata. Rudi kwenye vipimo.

Ya kujipima

Fanya haya kwenye karatasi, kwa mchoro pale inapofaa. Majibu yako chini.

1. Kitu kilichoning'inizwa kwenye springi kinatikisika mara 48 kamili ndani ya sekunde 30. Tafuta frikwensi na kipindi.

2. Kwenye maji ya kina kifupi, umbali kati ya kilele na bonde linalofuata ni mita 0.9. Kutoka kilele cha 1 hadi cha 4 kupita mahali pamoja ni sekunde 6. Amplitudo ni sentimita 3. Tafuta frikwensi na kasi.

3. Tanuri la mikrowevu linatumia gigahezi 2.45. Tafuta urefu wa wimbi.

4. Sauti ya 680 Hz inatoka hewani (340 m/s) na kuingia kwenye chuma (chukua 5,100 m/s). Tafuta urefu wa wimbi kila upande, na frikwensi ndani ya chuma.

5. Kamba iliyofungwa pande zote mbili inatikiswa kwa 15 Hz, na vifundo viwili vinavyofuatana viko umbali wa mita 0.4. Tafuta kasi ya wimbi kwenye kamba.

Majibu: (1) 1.6 Hz, sekunde 0.625. (2) 0.5 Hz, 0.9 m/s. (3) Karibu mita 0.122. (4) Mita 0.5 hewani, mita 7.5 kwenye chuma, 680 Hz. (5) 12 m/s.

Kama kwenye la pili umepata 0.67 Hz, umegawa 4 kwa 6: umehesabu vilele. Kama umepata f sahihi lakini kasi ni 0.45 m/s, umechukua nusu ya wimbi kuwa wimbi zima. Kama kwenye la tano umepata 6 m/s, ni kosa lile lile kwenye vifundo.